Kiu au Njaa? Mwingiliano wa Umwagiliaji na Mbolea Asilia katika Ukuzaji wa Mimea ya Viungo ndani ya Kitalu Nyumba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna umwagiliaji na mbolea asilia zinavyoathiri ukuaji, mavuno na ubora wa mimea ya viungo inayoliwa majani, hususan mrehani na nanaa, inapokuzwa ndani ya kitalu nyumba. Hoja kuu ni kwamba vigeu hivi viwili haviwezi kuchunguzwa kila kimoja peke yake, kwa sababu mbolea asilia haitoi virutubisho vyake bila unyevu. Mmea unaopunguziwa maji hupunguziwa pia chakula, na mtafiti asiyelitambua jambo hili huweza kuita kiu kile ambacho kwa hakika ni njaa. Makala yanaeleza mchakato unaosababisha hali hiyo, yanaonesha kwa hesabu rahisi ukubwa wa tatizo, kisha yanapendekeza mpangilio wa jaribio unaoweza kutenganisha athari hizo mbili.

Istilahi muhimu: kitalu nyumba, umwagiliaji wa matone, mbolea asilia, mafuta ya kunukia, mwingiliano wa vigeu

1.0 Utangulizi

Mrehani, nanaa, giligilani na mimea mingine ya viungo inayovunwa majani ina sifa moja inayoitofautisha na mazao mengi ya chakula: thamani yake haipimwi kwa uzito peke yake. Mnunuzi hupokea jani, lakini anacholipia hasa ni harufu. Jani pana na zito lisilonukia ni hasara kwa mpishi. Jani linalonukia sana lakini dogo, lenye kingo zilizokauka, ni hasara kwa mkulima, kwa kuwa yeye hulipwa kwa kilo. Mkulima anayefungua koki ya maji kila asubuhi na kutandaza samadi kila msimu huwa anatafuta njia ya kati baina ya hasara hizo mbili, mara nyingi bila kipimo chochote cha kumwongoza.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa kiuchumi. Kenya, kwa mfano, husafirisha majani mabichi ya viungo kwenda katika masoko ya Ulaya, na sehemu ya masoko hayo hudai mazao ya kilimo hai. Mkulima anayelenga soko hilo hawezi kukimbilia mbolea ya viwandani majani yanapopauka. Analazimika kuelewa samadi na mboji zinavyofanya kazi, na hawezi kuzielewa bila kuelewa maji.

2.0 Kitalu Nyumba kama Mazingira ya Pekee

Kitalu nyumba huondoa mvua katika mzunguko wa maji wa shamba. Jambo hili ni dhahiri, lakini matokeo yake hayazingatiwi ipasavyo. Shambani, mvua kubwa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hulowesha udongo na kuosha chumvi zilizorundikana katika tabaka la mizizi. Ndani ya kitalu nyumba hakuna anayeifanya kazi hiyo ya pili isipokuwa mkulima mwenyewe. Kila lita ya maji ya kisima inayoingia huleta chumvi kidogo. Maji hutoka kwa njia ya mvuke, chumvi hubaki. Samadi, hususan ya kuku, nayo huongeza chumvi zake. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya misimu kadhaa, udongo uliokuwa mzuri huweza kuwa na chumvi ya kutosha kuzuia mizizi isinyonye maji yaliyopo, na mmea ukanyauka ilhali udongo umelowa.

Sifa ya pili ni joto. Udongo wa kitalu nyumba kwa kawaida huwa na joto kuliko wa nje, hivyo vijiumbe hai vinavyoozesha mbolea huwa na uwezo wa kufanya kazi kwa kasi zaidi iwapo vina unyevu na hewa. Sifa ya tatu ni unyevu wa hewa. Upepo ni mdogo na mvuke hukaa, hali ambayo hupunguza kiu ya mmea lakini hukaribisha magonjwa ya majani. Ubwiri vinyoya wa mrehani, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Peronospora belbahrii, ni mfano mzuri. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Uganda katika miaka ya 1930, ukaonekana Italia mwaka 2003 na Marekani mwaka 2007, na sasa ni miongoni mwa vitisho vikubwa vya zao hili. Kimelea hicho huhitaji hewa yenye unyevu mwingi na majani yaliyolowa ili kuenea. Kwa hiyo, namna ya kumwagilia ni suala la afya ya mmea sawasawa na lilivyo suala la kiu yake.

3.0 Umwagiliaji: Kiasi, Mahali na Wakati

Mahitaji ya maji ya zao hukadiriwa kwa kuzidisha uvukizi rejea wa mahali husika kwa kizidisho cha zao. Utaratibu huu ulielezwa kwa kina na Allen na wenzake katika chapisho namba 56 la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1998. Katika chapisho hilo, nanaa imepewa kizidisho cha 0.60 mwanzoni mwa ukuaji, 1.15 katikati na 1.10 mwishoni.

Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, kitalu nyumba chenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 30, yaani mita za mraba 240, ambamo uvukizi rejea ni milimita 4 kwa siku. Nanaa changa itahitaji milimita 2.4, na kwa kuwa milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, eneo lote litahitaji lita 576 kwa siku. Nanaa hiyo hiyo ikishafunika udongo itahitaji milimita 4.6, yaani lita 1,104. Mkulima anayemwagilia kiasi kilekile tangu kupanda hadi kuvuna huwa ama anaizamisha miche au anaikausha mimea iliyokomaa. Ikumbukwe pia kwamba uvukizi rejea lazima ukadiriwe kwa hali ya ndani. Ndani ya kitalu mwanga na upepo hupungua, na takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho nje, zikitumiwa bila kurekebishwa, kwa kawaida hukadiria mahitaji kupita kiasi.

Kuhusu njia, umwagiliaji wa matone una faida mbili bayana kwa mimea ya viungo: hauloweshi majani, na hupeleka maji karibu na mzizi. Hata hivyo, una tabia moja inayopaswa kuzingatiwa na kila anayetumia mbolea asilia. Tone halilowanishi tuta zima. Hulowanisha donge la udongo chini ya tundu la bomba, donge ambalo katika kichanga huwa jembamba na lenye kina, na katika mfinyanzi huwa pana na fupi. Nje ya donge hilo udongo hubaki mkavu, na chumvi husukumwa hadi kwenye kingo zake. Samadi iliyotandazwa juu ya tuta lote, kwa hiyo, hugawanyika sehemu mbili: iliyomo ndani ya donge lenye unyevu, ambayo huoza na kulisha mmea, na iliyo nje yake, ambayo hukaa kavu kana kwamba haikuwekwa. Mkulima huhesabu magunia yote, ilhali mmea umepata sehemu tu.

Wakati wa kumwagilia nao una maana. Kiasi kilekile cha maji kikigawanywa mara mbili au tatu kwa siku katika udongo wa kichanga huzuia maji na naitreti visizame chini ya mizizi. Katika mfinyanzi, kumwagilia mara nyingi mno huziba vinyweleo vya udongo na kuinyima mizizi hewa.

4.0 Mbolea Asilia: Ghala Linalofunguliwa na Maji

Tofauti ya msingi baina ya mbolea ya viwandani na mbolea asilia ni umbo la naitrojeni. Katika mbolea nyingi za viwandani, naitrojeni huyeyuka majini na kupatikana upesi. Katika samadi na mboji, sehemu kubwa ya naitrojeni imefungwa ndani ya mabaki ya viumbe. Lazima vijiumbe hai viyavunje mabaki hayo, viitoe naitrojeni kama amoniamu, kisha bakteria wengine waigeuze kuwa naitreti. Hatua zote hizi hutegemea unyevu, hewa na joto.

Linn na Doran (1984) walionesha kwamba shughuli za vijiumbe vinavyohitaji hewa hufikia kilele pale takribani asilimia 60 ya nafasi za vinyweleo vya udongo zinapokuwa zimejaa maji. Chini ya hapo, ukavu huzuia kazi. Juu zaidi ya hapo, hewa hupungua. Bakteria wasiohitaji hewa hushika nafasi na kuigeuza naitreti kuwa gesi inayopotea angani. Matokeo ya kiutendaji ni haya: maji machache mno hulifunga ghala, na maji mengi mno hulifungua na kulimwaga. Mimea ya pande zote mbili hupauka, na kwa macho ni vigumu kuitofautisha.

Aina ya mbolea nayo huamua kasi. Kigezo kinachotumika sana ni uwiano wa kaboni na naitrojeni. Samadi ya kuku ina uwiano mdogo, hivyo hutoa naitrojeni mapema. Samadi ya ng'ombe huenda polepole zaidi, na mboji iliyokomaa hutoa kidogokidogo kwa muda mrefu. Uwiano unapozidi takribani 25 hadi 30, kama ilivyo kwa mabua ya mahindi na, zaidi sana, maranda ya mbao, vijiumbe hukosa naitrojeni ya kutosha katika chakula chao na huichukua iliyomo udongoni. Kwa muda huo mbolea hushindana na mmea badala ya kuulisha.

Mfano wa hesabu utaonesha ugumu unaomkabili mkulima wa kilimo hai. Tuchukulie kwamba zao linahitaji gramu 10 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba, na kwamba samadi kavu iliyopo ina asilimia 2 ya naitrojeni. Nusu kilo ya samadi kwa mita ya mraba inaonekana kutosha, kwani ina gramu 10 kamili. Lakini ikiwa ni robo tu ya naitrojeni hiyo itakayotolewa katika msimu, mmea utapata gramu 2.5. Ili kupata gramu 10 itabidi ziwekwe kilo 2, sawa na tani 20 kwa hekta, zenye jumla ya kilo 400 za naitrojeni. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mazao ya kilimo hai, namba 2018/848, hairuhusu zaidi ya kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, na ndani ya kitalu nyumba mwaka mmoja huweza kubeba zaidi ya zao moja. Isitoshe, samadi iliyopimwa kwa kigezo cha naitrojeni kwa kawaida huleta fosforasi kuliko mahitaji ya mmea, nayo hurundikana msimu hadi msimu.

Mkulima huyu, basi, hawezi kutatua upungufu kwa kuongeza magunia. Njia zilizobaki ni mbili: kuchanganya samadi na vyanzo visivyohesabiwa katika ukomo huo, kama mboji ya mimea na mabaki ya jamii ya kunde, na kuhakikisha kwamba sehemu kubwa zaidi ya naitrojeni aliyokwisha kuiweka inatolewa wakati mmea unaihitaji. Njia hiyo ya pili hupitia kwenye bomba la maji.

5.0 Mwingiliano: Kiu au Njaa?

Hapa ndipo kiini cha makala haya kilipo. Tafiti za umwagiliaji kwa kawaida hulinganisha viwango kama asilimia 100, 75 na 50 ya mahitaji ya maji. Mimea ya asilimia 50 huwa mifupi, yenye majani machache, na hitimisho huwa kwamba upungufu wa maji umepunguza mavuno. Kwa zao lililorutubishwa kwa naitreti iliyokwisha yeyuka, hitimisho hilo lina mashiko zaidi, ingawa hata hapo ukavu hupunguza mwendo wa naitreti kuelekea mzizini. Kwa zao lililorutubishwa kwa samadi, halitoshi. Udongo uliokauka umepunguza kasi ya vijiumbe. Naitrojeni iliyotolewa ni kidogo. Mmea umekonda kwa sababu mbili ambazo jaribio halikuzitenganisha.

Kosa hili lina madhara nje ya maabara. Mtafiti akihitimisha kwamba tatizo ni kiu, ushauri wake utakuwa kuongeza maji. Katika eneo ambalo maji hununuliwa au huvutwa kwa pampu, ushauri huo ni gharama ya kila siku. Ikiwa tatizo lilikuwa njaa, huenda mkulima angepata mavuno yaleyale kwa kuweka samadi ndani ya eneo linaloloweshwa na matone, kuifukia badala ya kuiacha juu, kufunika tuta kwa matandazo, au kuwahi kuichanganya na udongo wenye unyevu wiki kadhaa kabla ya kupanda. Hatua hizo hazihitaji ongezeko kubwa la maji ya kila siku.

Mwingiliano huu hufanya kazi pia kwa upande wa pili. Mboji huboresha uwezo wa udongo, hususan wa kichanga, kushika maji. Kwa hiyo tuta lenye mboji nyingi na tuta lisilo na mboji, yakipewa lita zilezile, hayana unyevu uleule. Anayedhani amelinganisha mbolea huku maji yakiwa sawa amelinganisha mbolea na maji kwa pamoja. Ulinganisho wa haki hudai unyevu wa udongo wenyewe upimwe, kwa mfano kwa tensiometa, katika kila kundi.

6.0 Ubora wa Jani: Harufu, Naitreti na Usalama

Harufu ya mrehani na nanaa hutokana na mafuta yanayohifadhiwa katika tezi ndogo zilizo juu ya uso wa jani. Ni kauli inayosikika mara kwa mara kwamba mmea uliopata shida ya maji hunukia zaidi. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Jani lililokua katika ukavu huwa dogo, na tezi zake hukaribiana. Asilimia ya mafuta huweza kupanda hata kama kila tezi haikutengeneza mafuta zaidi. Chukulia mmea wenye gramu 100 za majani makavu yenye asilimia 0.5 ya mafuta: una gramu 0.5. Mwingine uliopunguziwa maji una gramu 60 zenye asilimia 0.7: una gramu 0.42. Asilimia imepanda, jumla imeshuka. Anayeuza majani kwa mpishi anaweza kuridhika na wa pili. Anayekamua mafuta amepata hasara. Ripoti itoayo asilimia peke yake humnyima msomaji uwezo wa kuamua.

Kuhusu naitreti, majani huirundika pale mizizi inapoleta nyingi kuliko mwanga unavyowezesha mmea kuitumia. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka ukomo tofauti kwa majira: kwa rucola, miligramu 6,000 kwa kilo kwa mavuno ya kiangazi na 7,000 kwa yale ya majira ya baridi. Mbolea asilia hutazamwa kuwa salama zaidi kwa kuwa hutoa naitrojeni polepole, lakini dhana hiyo hutegemea maji. Tuta lililokaa kavu kisha likaloweshwa ghafla karibu na mavuno hutoa naitrojeni kwa mkupuo, na jani huvunwa likiwa limeibeba.

Usalama wa kibakteria hauna mjadala. Majani haya mara nyingi huliwa mabichi. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka samadi mbichi iwekwe si chini ya siku 120 kabla ya mavuno endapo sehemu inayoliwa hugusa udongo, na mrehani huanza kuvunwa muda mrefu kabla ya siku hizo kutimia tangu kupandwa. Mboji ya marundo, kwa kanuni hizohizo, hufikishwa angalau nyuzi joto 55 za Selsiasi kwa siku 15 huku ikigeuzwa si chini ya mara tano. Matone yana faida hapa pia, kwa kuwa hayarushi matope juu ya majani.

7.0 Maana Yake kwa Usanifu wa Utafiti

Kutokana na ufafanuzi huu, jaribio linalokusudia kueleza athari za maji na mbolea asilia linapaswa kutimiza masharti manne. Kwanza, vigeu vyote viwili viwemo kwa pamoja, maji yakigawiwa vipande vikuu, kwa kuwa mabomba ni magumu kuchanganya, na mbolea vipande vidogo ndani yake. Pili, kila kiwango cha maji kiwe na kipande cha ulinganisho kilichopewa naitrojeni inayoyeyuka papo hapo. Mmea wa kipande hicho ukistawi katika maji machache ilhali wa samadi umekonda, tatizo ni njaa kuliko kiu. Wote wakikonda kwa kiasi kimoja, kiu ndiyo yenye nguvu. Tatu, unyevu na naitreti ya udongo vipimwe kila mavuno, na uzito wa majani uripotiwe mbichi na mkavu, kwani jani lililonyweshwa asubuhi ya mavuno huwa zito bila kuwa na chakula zaidi. Nne, marudio yawe ya kweli. Kama Hurlbert alivyotahadharisha mwaka 1984, vipimo vingi vya kitu kimoja si marudio. Kitalu nyumba kimoja chenye maji mengi na kingine chenye maji machache ni marudio moja kwa kila hali, hata ikipimwa mimea mia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ndani ya kitalu nyumba maji ni kinywaji cha mmea, ufunguo wa mbolea asilia, kisukuma chumvi na kiamuzi cha harufu ya jani kwa wakati mmoja. Utafiti unaoyapima kama kinywaji tu hutoa ushauri wa gharama, na gharama hiyo haimwangukii mtafiti. Humwangukia mkulima anayelipia pampu ili kutibu kiu ambayo mmea wake haukuwa nayo. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo za mimea ya viungo katika ukanda wetu ziripoti daima hali ya unyevu na naitreti ya udongo sambamba na mavuno, ili anayesoma matokeo aweze kujua kama mmea uliodumaa ulikosa maji, ulikosa chakula, au ulikosa vyote viwili.